Duki wa Upande wa Mubi

Juma lililopita mtoto wa kaka yangu alinitumia katoni ya vitabu vya zamani kutoka Masisi, na nilipoifungua, moshi wa mikaratusi ulinijaa puani kabla sijaona hata jalada moja. Vitabu hivyo vilikaa miaka mingi juu ya dari ya jiko la kuni. Nilikaa chini sakafuni, mimi mama mzima mwenye miwani na wajukuu wawili, nikawa nanusa ukurasa mmoja mmoja. Binti yangu alipita akaniuliza kama niko salama. Nilimwambia anipikie chai aniache.

Wanaonijua wanajua kazi yangu. Mimi nasoma riwaya za mapenzi na kuzisema. Nasoma zile za zamani za mabwana wenye farasi na mabibi wenye magauni ya mikunjo, nasoma pia zile nyepesi za wanawake wanaogombana na mama wakwe zao na kupatana mwishoni, kisha narekodi sauti kwenye simu na kuwatumia akina mama wenzangu. Wako wengi sasa, Goma, Bukavu, hata Kisangani. Nikisema kitabu ni kizuri, wanakitafuta mpaka wakipate. Nikisema ni kibaya, kimekwisha. Wengine wanasema nina mdomo, na sikatai, maana mdomo huo sikuzaliwa nao. Niliupata kwa Koko, upande wa Lushebere, mwaka ambao tulipura maharage mengi kuliko mwaka wowote ninaoukumbuka.

Koko alikuwa baba yake baba. Wazazi wangu walikuwa Goma wakihangaika na biashara, mimi nikaachwa kwake kilimani nisome. Aliniita bibi yangu, yaani mke wangu, kwa sababu nilirithi jina la marehemu mkewe, na kwetu babu ana haki ya kumtania mjukuu hivyo. Nyumbani mle alikuwamo pia Tante Riziki, shangazi yangu, kitinda mimba wa Koko. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mrefu, mwenye pengo katika meno ya mbele, na ndiye mtu pekee kilimani aliyesoma Kifaransa bila kulazimishwa na mtu.

Vitabu alivipata kwa muuguzi mmoja mgeni aliyefanya kazi kwenye kituo cha afya. Alipomaliza muda wake alimwachia Tante katoni nzima. Karibu vyote vilikuwa vya aina moja: mwanamke amelegea mikononi mwa mwanaume, nyuma yao nyumba ya mawe, mbele yao farasi. Padri alipoona jalada moja alikohoa akaangalia pembeni. Tante akavishonea vyote majalada ya gunia, ndipo amani ikarudi.

Saa tisa alasiri, shule ikishafungwa, akina mama walikuja kwetu na maharage yao. Kupura na kuchambua maharage peke yako kunachosha, kwa hiyo wanawake wa kilima walizunguka, leo kwa huyu, kesho kwa yule, lakini tangu Tante alipopata vitabu walikuja kwetu tu. Tante alikaa kwenye kigoda, kitabu mkono mmoja. Macho yalisoma Kifaransa, mdomo ukasema Kiswahili. Mikono ya wengine wote ilikuwa kwenye maganda. Wawili kati yao hawakukosa hata siku moja. Mama Sifa, jirani yetu, alikuwa akikaanga mikate na kuiuza njiani. Mwingine tulimwita Mama Kashuga kwa sababu alikimbia vita kutoka huko Kashuga akaja kukaa kambini kwetu. Mama Kashuga alikuwa na sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde, na hakuwa na nyingine.

Kitabu kikiisha, kilihukumiwa. Hapo ndipo nilipoona kwa mara ya kwanza jinsi riwaya inavyosemwa. Kila mama alitoa neno lake: mwanamke alikuwa na akili ao hakuwa nayo, mwanaume alikuwa mchapakazi ao ni nguo tu, wazazi waliheshimiwa ao walipitiwa kama kisiki. Kikishinda, kilirudi kwenye katoni na kuazimwa hadi vilima vingine. Kikishindwa, alipewa Mama Sifa afungie mikate. Nakumbuka hadithi ya dada watatu waliotafuta waume wenye masharubu. Mama Kashuga alisema wale dada hawakushika jembe tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, sasa wanakula nini. Tukala mikate kwenye karatasi zake juma zima. Mimi nilisoma mapatano ya dada wa mwisho yakiwa na mafuta.

Nilikuwa na miaka kumi na nilielewa kila kitu kwa namna yangu. Duki, kwa mfano, nilijua ni mwami mdogo, chifu wa huko Ulaya mwenye vilima vyake. Mabibi wote wa vitabuni nilijua wamevunjika mbavu. Tante alisema asubuhi mjakazi anakuja kumfunga bibi yake kifua kwa kamba, anavuta hadi bibi anakosa pumzi, na jioni bibi anazimia. Kwetu mtu aliyeanguka na pikipiki alifungwa vilevile. Niliwahurumia sana, nikashangaa kwamba waume zao wanawapeleka kucheza dansi katika hali ile.

Sasa, lazima niseme jambo lililokuwa likichemka nyumbani, ambalo kila mtu alilijua, hata mimi, ila mimi nililiweka upande wake na vitabu upande wao.

Tante alikuwa anapenda mwanaume wa Walikale, kule msituni. Jina lake Bahati. Walijuana wakisoma sekondari kule, na sasa alikuwa Mubi, akisafirisha mawese kwa pikipiki. Alikuwa amekuja kwetu mara moja, mimi nikiwepo. Alifika na bidoni mbili za mawese na chupa ya asali ya msituni, akakaa barzani kwa Koko, kile kibanda cha mviringo ambamo wanaume wanazungumzia mambo makubwa. Koko alimuuliza ng'ombe wao wako wapi. Bahati akajibu kwao hawafugi, baba yake analima migomba na kuwinda. Koko akamuuliza nani huku anaujua ukoo wake. Hakuna. Koko akamwambia amalize maziwa yake, achukue mawese yake na asali yake, arudi kabla mvua haijaanza.

Kwa Koko, msitu ulikuwa mbali kuliko Ulaya. Huko, alisema, watu hawajui maziwa, wanakula nyani, wana mila zao ambazo hawamwambii mgeni, na binti akiolewa huko unamuona tena siku ya kuzika. Alishazika mke na watoto wawili. Tante alikuwa na miaka ishirini na saba, na wanawake walishaanza kuhesabu miaka hiyo kwa sauti. Angeolewa na Bahati kwa ruhusa ya baba yake, ama asingeolewa kabisa, maana alishasema kutoroka hatatoroka. Koko alisema hapana, na neno la Koko halikuwa na mlango wa nyuma.

Ndipo Tante alipochukua kitabu cha Hortense.

Kilikuwa kinene, na Hortense alikuwa binti wa kilimani. Baba yake, Tante alisoma, alikuwa mzee mwenye heshima na ng'ombe wengi, aliyempenda binti yake kupita kiasi. Duki alitoka bondeni, ng'ambo ya mito miwili, kwenye misitu. Watu wa kilima walimcheka kwamba kwao hawajui maziwa. Huyu Duki alikuwa anarina asali. Nilishtuka kidogo, maana maduki wengine wote niliowajua walikuwa wanacheza karata tu, lakini nilifurahi kupata mmoja mwenye kazi.

Alasiri zile Koko alikaa nyuma ya lupango, ule uzio wetu wa mianzi, akichonga mipini ya majembe. Hakuwahi kukaa na wanawake. Lakini kisu chake tulikisikia, kwaru, kwaru, kwaru, na Duki alipoanza safari ya kwenda kumuomba Hortense, kisu kilinyamaza. Mimi nilidhani mzee amechoka.

"Na ule baba," Mama Kashuga aliuliza kwa sauti yake ya ng'ambo ya bonde, uso ukielekea lupango, "alikatala juu ya nini? Muntu amevuka mito mbili na asali ku kichwa."

"Aliogopa," Tante alijibu. "Aliona kama binti akienda kule, hatamuona tena."

"Alisema vile kwa mutoto wake?"

"Hakusema. Alisema mambo ya ng'ombe."

"Ah," Mama Sifa akasema, "wababa njo vile."

Kisu kilikaa kimya muda mrefu. Kisha kikaanza tena, polepole. Leo nikikumbuka alasiri ile nacheka peke yangu. Nimesoma riwaya nyingi mno tangu hapo, na sijakutana na mtunzi aliyefanya kazi ngumu kama ya shangazi yangu, anayetunga huku macho yake yakipita kwenye mistari mingine kabisa, ukurasa unageuzwa kwa wakati wake, mtu mmoja akilengwa kupitia mianzi. Akina mama wote walijua. Walichambua maharage wakitazama chini ili wasicheke.

Duki alikuja mara ya kwanza, akafukuzwa. Akarudi baada ya miezi miwili, akafukuzwa tena. Tante alikuwa akienda taratibu, siku tatu kwa kila safari, na Koko sasa alikuwa amekaa nyuma ya lupango kabla hata ya akina mama kufika.

Tatizo ni kwamba Kifaransa changu kilikuwa kimepanda. Tante mwenyewe alikuwa akinifundisha jioni, na nilikuwa mtoto wa kujidai. Siku moja nikiwa na homa kidogo niliachwa nyumbani, nikachukua kitabu cha Hortense ili nione kabla ya wengine kama Duki atakubaliwa. Nilisoma asubuhi nzima, kidole chini ya kila mstari. Nilitafuta asali. Nilitafuta mito miwili. Duki alikuwa anakaa mjini katika nyumba ya mawe na alikuwa na deni la karata. Hapakuwa na kilima. Hapakuwa na baba: alikufa ukurasa wa kwanza, akaanguka kutoka juu ya farasi, na kuanzia hapo hakuna mtu aliyemtaja tena.

Nilisikia baridi mwilini, na haikuwa homa. Katika katekisimu tulifundishwa kwamba neno la kitabu halizidishwi wala halipunguzwi, na mimi, katika akili yangu ya miaka kumi, kitabu kilikuwa kitabu. Tante alikuwa anasimama kanisani kusoma somo la Jumapili. Kama alikuwa anaongeza asali kwa Hortense, alikuwa anaongeza nini kwa manabii? Nililala usiku ule nikimuona shangazi yangu motoni, na pengo lake la meno. Niliazimia kumuokoa. Hilo ndilo lililonisukuma, na nalisema bila kujitetea, kwa sababu tendo lenyewe lilikuwa baya hata kama nia ilikuwa safi.

Kesho yake Tante alifika mahali penyewe. Duki alikuja mara ya tatu, na mvua ilinyesha, na asali ilikuwa chini ya koti isilowe. Baba yake Hortense alitoka nje akasimama mlangoni. Mikono ya akina mama ilisimama. Nyuma ya lupango hata pumzi haikusikika. Tante akafungua mdomo kuleta neno la yule baba.

"Haiko mu kitabu," nikasema.

Tante aliniangalia.

"Nimesoma. Asali haiko. Na baba ya Hortense haiko, alikufaka. Tante anaongopa."

Hakuna aliyenipiga. Ningependa mtu angenipiga. Mama Sifa alishika mdomo. Mianzi ilisogea, na Koko akatokea na kisu chake na mpini wake mkononi, mahali ambapo hakuwahi kusimama, katikati ya wanawake na maharage yao. Kifaransa alikuwa hajui, lakini alichukua kitabu mikononi mwa binti yake, akakiangalia juu na chini, akanigeukia mimi.

"Bibi yangu. Asali iko ao haiko?"

"Haiko, Koko."

"Na baba?"

"Alikufa. Ku ukurasa wa kwanza. Aliangukaka ku farasi."

Aliufikiri mwanguko huo. "Basi mimi njo nilifufuliwa," akasema. Akakifunga kitabu, akaenda nacho.

Tante alinyanyuka, akapangusa gauni lake. Aliniambia, "Umesoma muzuri. Kifaransa yako imekomaa," na hapakuwa na kejeli yoyote katika sauti yake. Kisha aliingia ndani, akafunga mlango, tukamsikia akilia. Mama Kashuga ndiye aliyenivuta karibu na, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, akanong'ona. "Mutoto, ule Duki ni Bahati. Tante yako alikuwa anamuombea baba yake. Alikuwa amebakisha sentensi moja."

Sijui mtoto anawezaje kueleza jambo la namna hiyo. Nilikuwa nimejisikia mwenye haki hadi wakati huo, na haki ile ikaoza papo hapo. Nilienda nyuma ya jiko, nikakaa huko hadi giza.

Siku tatu Koko hakusema na mtu. Tante alipika, akaenda shule, akarudi, uso umevimba. Nilimfuata kila mahali nikimbebea vitu ambavyo hakuviomba. Siku ya nne Koko alituma tuje barzani, mimi na Tante; kitabu kilikuwa kwake. Wanawake hawaingii barzani ovyo. Koko alikuwa amekaa kwenye kiti chake, kofia kichwani, kama anavyokaa watu wakimletea ugomvi wa mipaka ya shamba.

"Nilisikia upande mumoja," alisema. "Sasa nasikia upande wa kitabu. Bibi yangu, utanisomea vile kiko, usiache kitu. Riziki, weye utakaa na utanyamaza."

Nilisoma alasiri tano. Nilipokwama kwa neno nilimtazama Tante, na Tante alitazama miguu yake, kwa kuwa aliamriwa kunyamaza. Siku ya pili sikuweza kuvumilia. Duki alikuwa anaingia nyumbani kwa mjomba wa Hortense, na mimi nikasema haraka haraka, bila kuinua macho, kwamba alikuwa amebeba chupa ya asali.

Koko alinyoosha kidole kwenye ukurasa.

"Bibi yangu," akasema, kwa upole. "Soma."

Nikarudia mstari. Duki aliingia mikono mitupu.

Nikasoma yote. Nikasoma jinsi alivyomchukua usiku kwa gari la farasi, mjomba amelala. Nikasoma harusi katika kanisa dogo lisilo na watu, mashahidi wawili waliookotwa barabarani, mmoja wao amelewa. Koko aliniuliza mara mbili kama nimeruka kurasa. Nikasoma busu la mwisho nikiwa nimefunga macho nusu, na kitabu kikaisha. Nje akina mama walikuwa wamesogeza maharage yao hadi ukutani kwa barza. Tuliwasikia wakipumua.

Koko alivua kofia, akaivaa tena.

"Hii kitabu ni mubaya," alisema. "Huyu muntu hakuomba. Aliona binti hana baba, akamuchukua kama vile unachukua mwavuli ya muntu ku mulango. Hakuna mwenye alimukatala, basi tutajuaje kama alimutaka? Ile ya Riziki njo ilikuwa kitabu. Kule muntu alifukuzwa, akarudia. Alifukuzwa, akarudia." Akamgeukia binti yake. "Wako alikuya mara ngapi?"

"Mara moja, Papa."

"Nikamufukuza."

"Ulimufukuza."

"Na juu ya nini hajarudia?"

Tante alikuwa analia sasa bila kujificha. "Nilimukataza, Papa. Nilikuwa naogopa utasema neno lenye haliwezi kurudishwa."

Koko aliangalia mikono yake. "Nimekaa ku lupango mwezi muzima," alisema. "Mipini yote ya kilima nimechonga. Nilikuwa nangoja nisikie ule baba atasema nini, juu mimi mwenyewe sikujua." Akaongeza kwa sauti ya chini ambayo sikuwahi kuisikia kwake: "Naogopa, Riziki. Kule ni mbali." Kisha akaketi sawasawa. "Muambie arudie."

Nje Mama Kashuga alipiga kigelegele kilichoshtua mbuzi. Na kitabu cha Hortense kilikwenda kwa Mama Sifa bila mjadala.

Bahati alirudi baada ya majuma mawili, safari hii na wajomba wawili na shati jeupe. Koko akamsikiliza vizuri sana, akampa maziwa, akamfukuza. Tante alikaribia kuzimia. Mama Sifa alimshika mkono akamwambia, "Weye mwenyewe ulisema mara tatu. Mzee anafuata kitabu." Na kweli, mwezi uliofuata Bahati alikuja tena, wajomba hao hao, asali na mawese na mbuzi wanne, amelowa matope hadi kifuani kwa sababu daraja lilikuwa limekwenda na maji. Koko alitoka akasimama mlangoni pa barza. Akamtazama kijana yule kwa muda. Wote tulikuwa tumeacha kazi.

"Ingia," alisema Koko. "Asali umewekea wapi?"

Walioana baada ya mavuno. Nilivaa gauni la njano na viatu vilivyonibana. Watu wa Bahati walikuja kutoka msituni na ngoma zao, wakanywa kasiksi, pombe yetu ya ndizi, wakaisifu, na maziwa pia waliyajua vizuri tu. Baba yake Bahati na Koko walikaa pamoja barzani hadi jioni wakilinganisha magonjwa ya magoti.

Asubuhi yake Tante alipanda nyuma ya pikipiki, begi mgongoni, kuelekea Mubi. Alinikumbatia akasema nisiache kusoma. Nilimuomba msamaha, kwa mara ya mia nadhani. Alicheka na pengo lake. Alisema bila mimi Koko angeishia kuisikia hadithi tu, na hadithi mtu anaweza kuisikiliza, akafurahi, akarudi kwenye mipini yake. Sijui kama aliamini hivyo au alinionea huruma. Pikipiki ilishuka bonde, na mimi nikalia kama niliyefiwa, maana mdomo wangu ulikuwa umempa mume, na sasa mume amemchukua.

Siku chache baadaye, saa tisa, akina mama walikuja na maharage yao. Mazoea tu, nadhani, hakuna aliyejua kwa nini amekuja. Walikaa, wakachambua, wakazungumza juu ya mvua. Kigoda cha Tante kilikuwa pale katikati, hakuna aliyekikalia. Nyuma ya lupango kisu kilikuwa kinakwaruza, kwaru, kwaru, taratibu mno, kama mtu asiye na haja ya mpini.

Kikasimama.

"Bibi yangu," Koko aliita kupitia mianzi. "Katoni imeisha?"

"Haijaisha, Koko."

"Basi juu ya nini watu wamenyamaza?"

Nilikwenda ndani nikachukua kitabu cha juu. Nilikaa kwenye kigoda, miguu haikufika chini vizuri. Nikafungua ukurasa wa kwanza, nikausoma kimya, na moyo ukaniishia: msichana mmoja yatima, peke yake kwenye merikebu, na Duki anamwangalia kwa mbali. Nilisema kwa sauti, ili asikie na yeye, kwamba na hii haifai, na hii pia haina baba.

Kisu hakikurudi. Mama Kashuga aliacha ganda katikati ya vidole.

"Umuweke," alisema Koko.